Mbio nane, mimi nacheza mbili: ninavyoisoma Jumapili ya Ngong

Wiki ikiwa na mbio za farasi Ngong simu yangu haipumziki, kuanzia Ijumaa jioni ni "kaka nitumie washindi wa Jumapili" na mtu anawataka wote, mbio ya kwanza mpaka ya mwisho, kama vile mimi ndiye nalala na hao farasi zizini. Sasa naandika mara moja nimalize. Sina washindi wanane. Siku nzuri kabisa nina wawili, siku mbaya sina hata mmoja na bado naenda, nakaa kwenye jukwaa nakula samosa zangu.

Kwa wale hawajawahi fika, uwanja uko Ngong Road, Nairobi, ulifunguliwa 1954 na unaendeshwa na Jockey Club of Kenya. Kabla ya hapo farasi walikuwa wanakimbia huko karibu na mjini, ndio maana mpaka leo tuna Race Course Road upande wa Kariokor na ukitafuta farasi pale utapata mkokoteni.

Kitu kinachodanganya watu Ngong ni uchache wa farasi. Unafungua kitabu cha programu unaona mbio ya farasi watano, unasema aah, watano tu, hii si rahisi kuliko mpira? Hapana bana. Mbio ya farasi wachache ina ugonjwa wake: hakuna anayetaka kuongoza. Majoki, yaani wapanda farasi, wanne wanataka kukaa nyuma wakivizia, basi yule mmoja mwenye tabia ya kutoka mbele anaachiwa, anaenda mwendo anaoutaka yeye, anapumua, na wakifika ile kona ya mwisho yeye bado ana pumzi na wengine sasa ndio wanakumbuka kumkimbiza. Nimeona farasi wa kawaida kabisa wakishinda hivyo na watu wanarusha tiketi chini wakisema mbio imepangwa. Haijapangwa, hakuna tu mtu aliyejiuliza nani ataongoza. Kwa hivyo hilo ndilo swali langu la kwanza kila mbio, kabla hata sijaangalia nani alishinda lini.

Nichukue mbio moja ya juzi, ya sita, mita 1,600, farasi watano, tutembee nayo.

Ijumaa usiku nasoma zile tarakimu pembeni ya jina la farasi kwenye programu, kila moja ni nafasi aliyomaliza mbio fulani. Zinasomwa kushoto kwenda kulia, ya kulia kabisa ndiyo ya karibuni, na sifuri si ati hakukimbia, ni kwamba alimaliza nje ya tisa wa kwanza. Namba 1 alikuwa na 2-1-1, kila mtu alimwona. Namba 3 alikuwa na 4-3-2 na hakuna aliyemjali. Lakini tarakimu hazisemi ulishinda nani. Kushinda mbio za wale ambao hawajawahi kushinda hata mara moja ni kama kuwa wa kwanza darasani kwenye darasa la watu watatu, na kuwa wa nne nyuma ya farasi wa kiwango cha Derby, ile mbio kubwa, inaweza kuwa kazi kubwa zaidi. Nikaangalia: ile 2 ya namba 3 alikuwa nyuma ya huyohuyo namba 1, umbali huohuo, kwa urefu wa farasi watatu.

Hapo ndio uzito unaingia na hapa watu wengi hulala. Mbio nyingi ni za handikepu, yaani aliyeonyesha nguvu anaongezewa kilo za kubeba mgongoni ili wote wawe na nafasi. Hesabu yangu ya haraka ni hii: kwenye mita 1,600 urefu wa farasi mmoja ni kama kilo 0.9. Kwenye mita 1,000 kilo haziumi sana, urefu mmoja unafika karibu kilo moja na nusu, na kwenye mita 2,400 za Derby hata nusu kilo inaanza kuuma. Sasa tangu wakutane namba 1 alikuwa ameongezwa kilo 2 na namba 3 amebaki palepale. Kilo 2 ni kama urefu wa farasi wawili na kidogo. Walitofautiana watatu. Kwa makaratasi basi namba 1 bado yuko mbele lakini kwa urefu mmoja hivi, si zaidi, na namba 3 ndiye pekee kati ya wote watano anayependa kuongoza. Nikamwekea alama ya kalamu.

Joki na treina, yule anayewafundisha farasi, siandiki sana, maana mazizi ni machache na wote tunawajua. Kitu kimoja tu, treina akiwa na farasi wawili mbio moja, angalia joki wake wa kila siku amepanda yupi. Huyo joki amewaendesha wote wawili asubuhi kwenye mazoezi, wewe hujawaendesha. Na mvua ikinyesha usiku, yote niliyosema Ijumaa yanasomwa upya Jumapili, kwa sababu nyasi laini inawakataa farasi wengine kabisa na kuna wengine wanaingoja masika kama mkulima.

Jumapili sikai jukwaani kabla ya mbio, naenda padoki ambapo masaisi wanawazungusha farasi kabla majoki hawajapanda. Usitafute farasi mrembo, wote ni warembo. Angalia mguu wa nyuma unatua wapi: farasi aliye vizuri, kwato ya nyuma inapita alama ya ile ya mbele, anatembea kama mtu anayeenda kulipwa. Angalia jasho. Jasho la shingoni siku ya jua la Nairobi si kitu, lakini likiwa povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, na saisi anamshika hatamu kwa mikono miwili huku amepinda mgongo, huyo anakimbia mbio yake hapohapo padoki na nguvu zinaisha. Ila mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, si na jirani yake, kuna farasi najua akija mkavu ndio nashtuka. Namba 1 siku hiyo alikuwa sawa kabisa, sitasema uongo. Namba 3 pia, masikio mbele, anaangalia watoto wakila aiskrimu.

Sasa bei, na hii ndiyo sababu sikutumii washindi wanane. Kabla sijaangalia ubao wa bukmeka, yule anayepokea dau, huwa naandika asilimia zangu za nafasi ya kila farasi kushinda na lazima zifike 100. Niliandika namba 1 asilimia 45, namba 2 ishirini na tano, namba 3 ishirini na mbili, namba 4 tano, namba 5 tatu. Halafu nikainua macho: 1.80, 3.50, 5.00, 9.00, 13.00. Hizo ndizo odi, yaani farasi wako akishinda kila shilingi inarudi mara ngapi. Ukizigeuza kuwa asilimia, gawa 100 kwa kila moja ujumlishe, unapata kama 123. Hizo 23 za juu ndizo zinalipa bukmeka nauli. Namba 1 ndiye mwenye nafasi kubwa ya kushinda, mimi mwenyewe nimesema. Lakini mweke shilingi 100 mara mia kwa 1.80, anashinda mara 45, umetoa 10,000 na zinarudi 8,100. Namba 3 atashindwa mara 78 kati ya mia, na kwa 5.00 zinarudi 11,000. Kama asilimia zangu ni sawa, anayeelekea kushinda ni mmoja na wa kuwekewa pesa ni mwingine. Mbio ambayo hao wawili hawatengani hivyo, au sina asilimia ninazoziamini, naiacha ipite. Nyingi zinapita.

Na jackpoti ya mbio sita, ile ya kutabiri mshindi wa kila moja, msiniulize. Hata ukiwa mkali hivi kwamba unapatia mbio 4 kati ya 10, kupatia sita mfululizo ni mara moja kwenye kama 244.

Mbio ya sita ilikwenda kama nilivyochora. Namba 3 akatoka mbele peke yake, hakuna aliyemsumbua, kwenye kona ya mwisho yuko mbele kwa urefu wa wawili na mimi nimeshasimama. Mita 200, bado. Mita 100 namba 1 akaanza kumla, akamla, akamla, wakapita mstari pamoja na tukaambiwa tungoje picha. Kichwa. Namba 1 kwa kichwa.

Simu ikaita kabla hata namba hazijawekwa ubaoni: "Kaka, si ulisema namba 3?"

Nilisema asilimia 22.