Pampu ya Insulini: Maswali ya Wiki za Mwanzo

Pampu za insulini, yaani vifaa vidogo vinavyovaliwa mwilini na kupitisha insulini chini ya ngozi, bado ni chache Tanzania na Kenya. Wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaendelea na sindano au kalamu. Wanaozivaa ni waliomudu kujinunulia, na ndugu zetu walio nje, hasa Uingereza, ambako tangu 2024 huduma ya afya ya umma inawapa wagonjwa kwa awamu pampu zinazosoma kihisi cha sukari, yaani kifaa cha ngozini kinachopima sukari muda wote. Popote walipo, maswali yao hufanana.

Nasikia pampu inafanya kazi yote yenyewe. Kweli?

Si kweli. Inapitisha insulini kidogo kidogo mchana na usiku. Hiyo ndiyo dozi ya msingi. Ukitaka kula, wewe ndiye wa kuiambia unakula wanga kiasi gani ili iongeze dozi ya chakula. Hata zile zinazojirekebisha kwa kusoma kihisi zinasubiri taarifa za sahani yako. Anayetarajia kuivaa na kusahau kisukari atakata tamaa mapema.

Basi sindano zangu nizigawe?

Hapana, na hili ndilo ningependa lishikwe kuliko yote. Ulipokuwa unajidunga, insulini ya muda mrefu ilikuwa akiba mwilini. Ndani ya pampu kuna insulini ya kasi peke yake. Kanula, yaani kile kijibomba laini kinachokaa chini ya ngozi, ikijikunja, au bomba likichomoka usingizini, baada ya saa chache mwili unabaki hauna kitu na ketoni, yaani asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta kwa kukosa insulini, zinaanza kujikusanya. Mtu anaweza kulala mzima akaamkia kulazwa.

Kwa hiyo ukikuta sukari imefika 14 kwa kipimo cha mmol/L, au 250 kwa mg/dL, na hujui sababu, pima ketoni. Kama hazipo, toa dozi ya kusahihisha kwa pampu, upime tena baada ya saa moja hadi mbili. Isiposhuka, au ketoni zikiwepo, jidunge insulini ya kasi kwa kalamu au sindano, kwa kiwango alichokupa daktari, kisha badili seti nzima, yaani kanula na bomba lake, na uiweke sehemu nyingine ya mwili. Usiendelee kubonyeza pampu ukitumaini itaitika. Ukianza kutapika, tumbo likauma, au ukapumua kwa nguvu na haraka, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama: gusa plasta ya kanula kwa kidole, kisha unuse. Insulini ina harufu kali ya dawa, kama ya chumba cha sindano. Ukiisikia, au plasta ikiwa na unyevu, dawa inavujia nje, na skrini inaweza kuendelea kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Seti nibadilishe lini?

Nyingi ni kila baada ya siku 2 hadi 3. Badilisha asubuhi au mchana, si unapoelekea kitandani, ili upate muda wa kuona kama inafanya kazi. Na hama: leo kushoto kwa kitovu, safari ijayo kulia, au pajani. Watu hupenda kurudia pale pasipouma, ngozi inaota uvimbe wa mafuta, insulini inanyonywa ovyo, kisha lawama anabeba mtengenezaji wa pampu.

Kulala na kuoga je?

Ibane kwenye nguo ya kulalia au iache kando yako godoroni. Baada ya siku kadhaa utaizoea. Yenye bomba unaweza kuichomoa ukaoga, mradi usizidishe saa moja bila kuirudisha. Adui mkubwa ni kitasa cha mlango, kinachonasa bomba lililoning'inia. Lipitishe ndani ya nguo.

Nikila wali wa nazi sukari iko sawa, usiku wa manane inapaa. Kwa nini?

Mafuta ya tui yanachelewesha chakula tumboni, wakati insulini ya kasi imeshamaliza kazi yake. Pampu nyingi zinaweza kugawa dozi: sehemu unapoanza kula, iliyobaki ikatiririka kwa saa kadhaa. Muulize daktari au muuguzi wako mgawanyo wa kuanzia. Kwa mpenzi wa biriani, mimi naona hii pekee inatosha kuhalalisha pampu.

Naweza kufunga Ramadhani?

Amua na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, maana mwenye aina ya kwanza yumo kwenye kundi la hatari kubwa, na dini imempa mgonjwa ruhusa. Daktari akikubali, dozi ya msingi ya mchana huenda ikapunguzwa. Pima mara nyingi. Kujitoboa kidole hakufunguzi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) au ikivuka 16.6 (300), fungua papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika 5.

Nakuja likizo nyumbani kutoka Uingereza. Nibebe nini?

Seti na insulini mara mbili ya mahitaji yako, kwa sababu vifaa vya pampu yako huenda visipatikane huku. Ongeza kalamu, insulini ya muda mrefu, vipande vya kupimia ketoni na barua ya daktari. Vyote viwe kwenye begi la mkononi, kwani mizigo ya chini ya ndege inaweza kugandisha insulini. Ufukweni usiache pampu juani: insulini ikipita nyuzi 37 inaharibika, na huwezi kuijua kwa macho. Ukitua, badilisha saa ya pampu. Afrika Mashariki iko mbele ya Uingereza kwa saa 2 au 3 kutegemea msimu, na usipoigusa, dozi uliyopangiwa alfajiri itakuja wakati jua limeshapanda.