Aliyegundua malaria ni nani? Tunayosimuliana na yaliyotokea

Mwezi uliopita nilikuwa na kijana wa fildi pale maabara. Nikampa slaidi ya tone nene la damu, rangi ya Giemsa inayowafanya wadudu waonekane imeshakauka, nikamwambia awatafute wadudu wa malaria (yaani vimelea) mwenyewe. Aliinama kwenye darubini muda mrefu, kisha akainua kichwa anatabasamu. "Mama, nimewaona! Huyu Ronald Ross alisumbuka sana." Nikamuuliza alisumbuka kwa lipi. "Si ndiye aliyegundua malaria?"

Ndivyo alivyofundishwa, na mimi nilifundishwa hivyohivyo. Lakini kadiri ninavyosoma habari za wadudu hawa ninaowatazama kila siku, ndivyo ninavyoona kwamba tumepewa hadithi iliyokatwa vipande, na vipande vilivyotupwa ndivyo vitamu zaidi. Nimeona niandike yale ninayoyasikia mara nyingi, kuanzia na hilo la kijana wangu.

"Ross ndiye aliyegundua malaria"

Ugonjwa wenyewe ulijulikana tangu kale. Jina malaria ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa kuwa watu waliamini homa inatokana na harufu ya vinamasi. Aliyemwona mdudu wa malaria kwanza ni Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, katika hospitali ya kijeshi ya Constantine, Algeria, tarehe 6 Novemba 1880. Alikuwa akitazama damu mbichi ya askari mgonjwa, haijatiwa rangi yoyote, mara akaona nyuzi nyembamba zinachomoza kwenye kiduara na kupigapiga kama mijeledi. Akajua kuna kitu hai ndani ya damu ile.

Kuna jambo hapo ambalo kila nikilikumbuka hunisisimua. Nyuzi zile ni mbegu za kiume za kimelea. Hazitoki wakati damu imo mwilini mwa mtu. Hutoka damu ikishapoa, na mahali pake pa kawaida ni tumboni mwa mbu. Kwa hiyo Laveran alikuwa anatazama juu ya kioo tukio la ndani ya mbu, miaka 17 kabla ya mtu yeyote kuthibitisha kwamba mbu anahusika.

Ross naye alikuwa daktari wa Waingereza huko India. Patrick Manson, aliyekuwa London, ndiye aliyemtia moyo afuatilie mbu, wakawa wanaandikiana barua miaka kadhaa. Agosti 1897, mjini Secunderabad, Ross alikuwa akipasua mbu mmoja baada ya mwingine katika joto kali, feni hataki ipepewe isije ikapeperusha vipande vya mbu, skurubu za darubini zimeota kutu kwa jasho lake. Tarehe 20 akaona kwenye ukuta wa tumbo la mbu mwenye mabawa ya madoadoa vijifuko vyenye chembe nyeusi, zilezile zinazoonekana kwenye damu ya mgonjwa.

Mbu yule alikuwa amekunywa damu ya nani? Ya mgonjwa aitwaye Husein Khan, aliyekubali kulala ndani ya chandarua na mbu wakaachiliwa wamng'ate, kwa malipo ya anna moja kwa kila mbu. Anna 16 ndiyo rupia moja. Jina lake linajulikana kwa sababu Ross aliliandika, lakini kwenye vitabu vya shule halimo.

Mwaka uliofuata, akiwa Calcutta, Ross alikamilisha mzunguko mzima, ila kwa malaria ya ndege. Wadudu aliwakuta mpaka kwenye tezi za mate za mbu, na ndege wazima wakaugua baada ya kung'atwa. Waliokamilisha mzunguko wa malaria ya binadamu ni Waitaliano, Giovanni Battista Grassi na wenzake Amico Bignami na Giuseppe Bastianelli, mjini Roma mwishoni mwa 1898. Wao ndio waliomtaja mbu aina ya anofelesi bayana kuwa ndiye mwenye kuieneza. Tuzo ya Nobel ya 1902 akapewa Ross peke yake, na ugomvi wake na Grassi haukuisha mpaka wanaingia kaburini. Laveran alipata yake mwaka 1907.

Mimi nikiulizwa, nasema Ross alistahili. Kumnyima Grassi ndipo palipokuwa na kasoro.

"Huku kwetu hakuna aliyejua mpaka Mzungu alipokuja"

Robert Koch, Mjerumani yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara walikuwa wakishuka tambarare hurudi na homa, na wakiulizwa sababu husema wameumwa na wadudu wa huko chini waitwao mbu. Hata ugonjwa wenyewe waliuita mbu. Jina moja kwa mdudu na kwa maradhi! Watu wale walikuwa wamefika pale wataalamu wa Ulaya walipokuwa bado wanabishana.

Nimezaliwa mkoa huohuo wa Tanga, na habari hii sikuisikia shuleni hata siku moja. Niliikuta ukubwani, nikaisoma mara tatu.

Lakini siku hizi naona tumerukia upande wa pili. Wapo wanaosema wazee wetu walishajua yote, sayansi ikaja kuiba tu. Hilo nalo silikubali. Kusema mbu analeta homa ni kuona kwa makini, na ni jambo kubwa. Ila mbu wako wa aina nyingi mno, na wanaobeba malaria ya binadamu ni baadhi ya anofelesi, tena majike pekee, maana dume hanywi damu. Hilo halijulikani bila kumpasua mbu. Vilevile hakuna ambaye angejua, bila kuhesabu siku, kwamba mdudu huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza.

Hesabu hiyo ya siku ndiyo inayotusaidia mpaka leo kwa wale wanaosema malaria inatokana na kunyeshewa mvua au kula mahindi mabichi. Mvua huacha vidimbwi, mbu huzaliana, na mahindi nayo hukomaa msimu huohuo, kwa hiyo vinaonekana vimeongozana. Mtu akishang'atwa, homa huchukua wiki moja au zaidi kutokea. Aliyenyeshewa jana na leo ana homa, mbu wake alimng'ata kitambo.

"Dawa mseto ni majani tu, basi chai yake inatosha"

Kwanza niondoe moja dogo: kwinini haitoki kwenye mwarobaini. Uchungu wao unafanana, mti si huo. Inatoka kwenye magome ya mti wa sinkona, asili yake milima ya Andes, na waliotenga kiini chake ni Wafaransa Pelletier na Caventou mwaka 1820.

Sasa artemisinini, kiini cha mmea wa artemisia; dawa iliyomo ndani ya ALU, ile dawa mseto ya malaria tunayomeza, imetengenezwa kutokana nacho. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kijeshi uitwao 523, kwa sababu askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakimalizwa na malaria. Mwaka 1969 akaingizwa Tu Youyou, mtaalamu wa dawa wa Beijing, mama ambaye hana shahada ya uzamivu wala hakusomea ng'ambo. Yeye na kundi lake walikusanya tiba za jadi zaidi ya 2,000, wakajaribu moja baada ya nyingine. Qinghao, yaani artemisia, ilionyesha dalili njema, kisha matokeo yakawa yanayumba, leo inafanya kazi, kesho haifanyi.

Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Yanasema uchukue konzi moja ya qinghao, uloweke kwenye maji, ukamue, unywe maji yake yote. Kuloweka na kukamua, kuchemsha hakutajwi. Tu akahisi kwamba moto ndio unaoharibu dawa. Akabadili njia, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliwamaliza wadudu wote katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili wakainywa kwanza wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa.

Elimu ya jadi ilitangulia, hilo halina ubishi. Lakini aliyening'iniza majani yale juani na kuyatumbukiza kwenye birika nyumbani hajui amekunywa kiasi gani cha dawa. Kikiwa kidogo, wadudu dhaifu hufa na wakaidi hubaki, nao wakaidi ndio wanaozaana. Klorokwini, dawa yetu ya zamani ya malaria, tuliipoteza kwa usugu, Tanzania Bara ikahamia dawa ya SP mwaka 2001, nayo SP haikudumu, ikaja ALU. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya artemisia, na mimi niliyeziona zama za klorokwini nawasihi ndugu zangu, tusiipoteze na hii.

Tena Tu hakuwa peke yake. Zhong Yurong alitenga fuwele za artemisinini katika kundi lake hilohilo, wengine wakafanya hivyo Yunnan na Shandong, na Li Guoqiao akasimamia majaribio kwa wagonjwa. Nobel ya 2015 ilimtaja Tu tu kwa kazi hii.

"Mwenye AS hapati malaria"

Hapati kali, hivyo ndivyo tuseme. AS ni mtu aliyerithi selimundu (siko seli, maradhi ya chembe nyekundu za damu) kwa mzazi mmoja tu. Mtafiti Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya, upande wa Gilgil. Mwaka 1949 alizunguka akipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akaona kwamba waliorithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 katika baadhi ya jamii, lakini nyanda za juu karibu hawapo. Ramani ile ilikuwa ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake, ukiwemo wa watoto wa Uganda.

Alifanya pia jaribio ambalo leo lisingepita kamati ya maadili. Wanaume 30 Wajaluo waliojitolea waliambukizwa malaria makusudi. Kati ya 15 wasio na selimundu, 14 walionekana na wadudu. Kati ya 15 wenye AS, wawili tu.

Wanachokosea wengi ni kumchanganya AS na SS. Mtoto aliyerithi kwa wazazi wote wawili hana kinga hiyo ya kutegemea; kwake malaria ni hatari kubwa, na ndiyo maana kliniki humpa dawa ya kuzuia. Mzazi asije akasema "huyu ana siko seli, malaria haimpati" akamlaza nje ya chandarua.

"Dripu haimdhuru mtu"

Mtoto amelegea, mikono baridi, homa kali, na ndugu wote wanauliza mbona hajawekewa dripu. Hata madaktari waliamini kumkimbizia maji mengi kwa haraka kunaokoa. Mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake waliamua kupima imani hiyo katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141, wengi wao wakiwa na malaria. Mwaka 2011 ilibidi wasimamishe kabla ya wakati. Katika saa 48, waliopewa maji ya haraka walifariki karibu 11 kati ya kila 100; wasiopewa, 7. Haya hayahusu mtoto anayeharisha na kukaukiwa maji, maana huyo maji ndiyo dawa yake, na hata jaribio halikumhusisha.

Nawaheshimu sana watu walioweza kutangaza kwamba jambo walilolifanya kwa nia njema lilikuwa linaua.

"Chanjo imeletwa kutujaribia sisi"

Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, na katika jaribio mojawapo la mwanzo walioachiliwa mbu wenye malaria baada ya kuchanjwa ni Wamarekani saba wa kujitolea; sita hawakuugua. Kabla ya jaribio hilo kulikuwa na chanjo ya Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia, iliyojaribiwa Idete, karibu na Ifakara. Ikaonyesha kinga ya asilimia 31 mwaka 1994, kisha majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga, ikawekwa kando. RTS,S yenyewe ilipitia watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwemo, ndipo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021.

Kijana wangu aliniuliza slaidi zote za damu za watoto hao zilisomwa na nani. Nikamweleza kwamba katika utafiti wa namna ile kila slaidi husomwa na watu wawili wasioambiana majibu, wakitofautiana huitwa wa tatu. Juu ya kioo huandikwa namba na tarehe. Akairudisha ile yangu kwenye darubini, akaanza kuhesabu upya.