Raketi ya bingwa haiko dukani

Toleo jipya la raketi ya tenisi likitoka, tangazo huwa lilelile: bingwa ameishika, rangi inang'aa, bei imeandikwa pembeni. Mnunuzi anarudi nyumbani akiamini kabeba chombo cha bingwa. Mara nyingi kabeba rangi tu. Hizi hapa ni kauli zinazosikika sana kuhusu raketi, na ukweli wa kila moja.

"Mabingwa wanatumia toleo jipya kabisa."

Mchezaji aliyezoea fremu fulani tangu ujana haiachi kirahisi eti kwa kuwa kiwanda kimeleta jina jipya. Viwanda vimeshapata dawa ya hilo: fremu ya zamani inaendelea kutengenezwa kwa ajili yake, kisha inapakwa rangi ya toleo linalouzwa msimu huo. Novak Djokovic kwa miaka mingi ameonekana na raketi ya kampuni ya Head yenye rangi za toleo la Speed. Speed ya kawaida dukani ina kichwa, yaani uso wenye nyuzi, cha inchi za mraba 100. Ya kwake ni ya inchi 95, na wanaofuatilia vifaa huitambua kwa namba ya kalibu, PT113B. Andy Murray naye alionekana na Radical, toleo jingine la Head, lakini chini ya rangi ile kulikuwa na kalibu ya miaka ya 1990.

Roger Federer ndiye alikwenda kinyume. Aling'ang'ania kichwa cha inchi 90 hadi 2013, akajaribu cha 98 huko Hamburg na Gstaad, akakirudisha, kisha 2014 akahamia cha 97. Kampuni ya Wilson ikaiuza hiyo ya 97 kwa jina lake, gramu 340 bila nyuzi, bila kumpunguzia mnunuzi uzito. Niliwahi kuiazima kwa seti mbili. Kufikia ya pili, bega langu lilikuwa limeshaomba radhi.

"Raketi ya kisasa ni nyepesi, ndiyo maana wanapiga kwa kasi."

Nyepesi ni za dukani, na zimefanywa hivyo kwa makusudi, maana mtu akiishika dukani hupenda ile isiyomchosha. Wachezaji wa kulipwa wengi huongeza uzito. Hubandika vipande vya mkanda wa madini ya risasi kwenye fremu, au hujaza silikoni ndani ya mpini. Pete Sampras alicheza na fremu ya inchi 85 iliyosheheni risasi hadi kukaribia gramu 400. Ukipigwa mpira wa kilomita 200 kwa saa, raketi nyepesi husukumwa nyuma, nzito husimama.

Risasi ikibandikwa wapi nalo ni jambo. Chukua uso wa saa ya ukutani: kwenye namba 3 na 9, raketi haipinduki mkononi mpira ukigonga pembeni. Kwenye 12, uzito uleule wa gramu chache utausikia maradufu unapozungusha mkono. Sheria za Shirikisho la Tenisi la Kimataifa zinaruhusu haya. Raketi ina ukomo wa urefu, sentimita 73.7, na wa upana, lakini uzito hauna kikomo. Serena Williams alitumia nafasi hiyo ya urefu: ya kwake ilikuwa inchi 28, inchi moja zaidi ya kawaida.

"Mkono mkubwa, gripu kubwa. Ukikosea, kiwiko kitaharibika."

Hapa ndipo makocha wa mtaani wanapobishana hadi giza linaingia. Gripu hupimwa kwa mzunguko wa mpini. Namba 2 ni inchi 4 na robo, kama sentimita 10.8; kila namba inayofuata huongeza takriban milimita 3. Kipimo cha jadi ni kushika mpini kisha kupenyeza kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja: kikienea bila kubanwa, gripu inakufaa. Si kipimo kibaya kwa anayeanza. Kosa ni kukifanya sheria.

Rafael Nadal, pamoja na mkono wake ule, alitumia namba 2, ambayo duka lingemuuzia kijana wa sekondari. Mpini mwembamba ulimsaidia kukunja kifundo na kuusokota mpira kuelekea juu. Federer, asiye na mwili wa Nadal, alitumia namba 3. Mtu huchagua kwa namna anavyopiga, si kwa saizi ya glovu.

Kuhusu kiwiko, utafiti uliochapishwa 2006 katika jarida la American Journal of Sports Medicine uliwapima wachezaji wa vyuo vya Marekani wakipiga bekihendi ya mkono mmoja, kwa gripu iliyopendekezwa, kisha ndogo yake na kubwa yake kwa robo inchi. Misuli ya mkono haikuonyesha tofauti ya maana. Hawa walikuwa wazima, kwa hiyo mwenye kiwiko kinachouma asichukue hili kama cheti cha daktari. Lakini ile hofu ya kwamba nusu saizi itakuvunja haina mizizi.

Na namba si kila kitu. Mpini una pande nane, na umbo lake hutofautiana: wa Head umezoeleka kuwa bapa zaidi, wa Wilson unakaribia mraba. Mchezaji wa kulipwa anaweza kuumbiwa mpini wake upya. Wewe na mimi tuna utepe wa juu, ule wa kuzungushia mpini, ambao safu moja huongeza kama nusu ya saizi. Ndiyo maana ukisita kati ya namba mbili, chukua ndogo; kuinenepesha ni rahisi kuliko kuichonga.

"Nyuzi zikikazwa sana, mpira unakwenda kwa nguvu."

Kinyume chake. Nyuzi zilizolegea hurusha mpira kama trampolini. Zilizokazwa humpa mpigaji udhibiti. Sampras alikaza zaidi ya kilo 30. Mfaransa Adrian Mannarino hukaza chini ya kilo 14, na mpira wake haupotei.

"Wanabeba raketi nane ili wawe na za kuvunja."

Wapo wa kuvunja, sikatai. Lakini mipira mipya huletwa baada ya gemu 7 za mwanzo, halafu kila gemu 9, na wengine, kama Ivan Lendl enzi zake, walichukua raketi mpya kila mipira ilipobadilishwa, kwa kuwa nyuzi hulegea zikichezewa. Hapo ndipo fundi anapostahili malipo yake. Raketi mbili za aina moja kutoka kiwandani hupishana gramu kadhaa, na sehemu uzito unapoegemea hupishana pia. Fundi huzipima zote, huongeza risasi hapa, silikoni pale, mpaka zilingane. Uzi ukikatika katikati ya gemu, mchezaji anakwenda kwenye mfuko wake na kuchukua iliyo karibu, bila hata kuiangalia.