Kipindi cha michezo shuleni: maswali ya wazazi na walimu

Dakika 40 za kipindi zinatosha kumjenga kijana?

Peke yake hazitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawe mazito. Kutembea haraka kwenda shule kunahesabika. Ila kutembea hakufundishi kuruka, kukimbia kwa kasi wala kugeuka ghafla, na mifupa ya kijana aliye kwenye balehe huimarika zaidi inapopata kishindo cha kuruka.

Mbona wana kipindi kila wiki na bado hawana pumzi?

Kwa sababu wengi wao husimama tu. Darasa la wanafunzi 50 na mpira mmoja: 22 wanacheza, waliobaki wako chini ya mwarobaini wakipiga soga. Hicho si kipindi.

Anza na dakika 5 za mbio za taratibu na kuchuchumaa. Kisha gawa darasa kwenye vituo 4: kuruka kamba, pushapu, mbio za mita 20 kwenda na kurudi, na kurusha na kukwepa mpira kama kwenye rede. Rede isidharauliwe, inajenga wepesi na shabaha. Kila kituo, sekunde 40 za kazi na 20 za kupumzika, mara 4. Jumla dakika 16 bila kupanga foleni. Anayejituma ipasavyo hutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi.

Na jua la Dodoma?

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, pangeni kipindi kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Wanywe maji kabla ya kuanza, na tena kila baada ya dakika 15 hadi 20. Mwenye kizunguzungu au kichefuchefu apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe. Akianza kuongea ovyo au akizimia, ni dharura: mkimbizeni hospitali huku mkiendelea kumpoza. Muulizeni pia kama amekula. Aliyetoka nyumbani bila hata uji huishiwa nguvu mapema.

Goti linauma chini kidogo ya pia, kuna kinundu. Aache michezo?

Ni kawaida kwa anayerefuka haraka: msuli wa paja huvuta sehemu ya mfupa ambayo haijakomaa. Apunguze kuruka na kukimbia mpaka maumivu yatulie. Akichechemea au akiumwa usiku, apimwe.

Mwenye sikoseli au pumu?

Ashiriki kwa ushauri wa daktari wake. Wa sikoseli anywe maji mara kwa mara na apumzike anapohitaji. Kumkimbiza kama adhabu ni hatari kwa maisha yake. Wa pumu awe na dawa yake ya kuvuta pale pale uwanjani, isifungiwe ofisini.