Mabadiliko ya muundo wa jeni kama ushahidi wa nasaba za wanyama

Jeni nyingi za wanyama hazikai katika DNA kama andiko moja lisilokatika. Vipande vyenye maelekezo ya kutengeneza protini, yaani eksoni, hutenganishwa na vipande viitwavyo introni, ambavyo seli huviondoa katika nakala ya RNA kabla ya protini kutengenezwa. Muundo wa jeni ni mpangilio huo: introni ni ngapi, na kila moja imeingia mahali gani. Katika mageuko, introni huweza kupotea au kuingia mahali ambapo haikuwapo, na spishi zote zilizorithi badiliko hilo hubaki nalo kama alama ya kutokana na babu mmoja.

Thamani ya alama hii inatokana na uchache wake. DNA ina herufi nne tu, kwa hiyo herufi ileile huweza kutokea mahali pamoja katika koo mbili zisizo karibu, hasa zile zinazobadilika haraka, na ulinganishaji wa herufi ukaziunganisha kimakosa. Ni vigumu zaidi introni mbili tofauti kuingia mahali palepale.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa strepsiptera, wadudu wadogo ambao ni vimelea ndani ya miili ya wadudu wengine. Mbawa za mbele za dume zimepungua zikawa kama virungu vidogo. Kwa nzi, zilizogeuka hivyo ni za nyuma. Uchambuzi wa jeni za ribosomu, yaani viungo vya seli vinavyotengeneza protini, uliwaweka karibu na nzi, ilhali wataalamu wengine waliwahesabu kuwa ndugu wa mbawakawa. Mwaka 1999, Antonis Rokas, Jeyarani Kathirithamby na Peter Holland walichunguza jeni iitwayo engrailed, wakakuta kwamba strepsiptera hana introni ambayo nzi na vipepeo wanayo kwa pamoja. Introni hiyo lazima iwe iliingia kwa babu wa nzi na vipepeo; kama strepsiptera angekuwa ndugu wa karibu zaidi wa nzi kuliko kipepeo alivyo, angetarajiwa kuirithi.

Ni kweli kwamba angeweza kuirithi kisha akaipoteza, na kwa sababu hiyo kukosekana kwa introni ni ushahidi dhaifu kuliko kuwapo kwake. Katika suala hili, hata hivyo, uchambuzi wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, uliochapishwa mwaka 2012 uliwaweka strepsiptera kando ya mbawakawa, mbali na nzi.