“Dhaifu” moja haitoshi

Juzi nilitafsiri barua ya daktari wa wazee wa Uingereza. Sentensi moja ilisema bibi ni frail, ila mikono yake si weak. Kamusi yangu imeyapa maneno yote mawili jibu moja, nami nikalifuata: “Ni dhaifu, lakini mikono yake si dhaifu.” Mjukuu wake akanipigia simu. “Mwalimu, sasa bibi ni dhaifu au si dhaifu?”

Kosa langu.

Weak hupima nguvu tu. Betri inayokaribia kuisha, chai iliyozidi maji, kijana aliyetoka kuugua malaria na wiki ijayo atacheza mpira: wote weak. Frail huuliza jambo jingine: akitikiswa kidogo itakuwaje? Mzee anaweza kujipikia na kwenda msikitini kwa miguu yake, lakini mafua ya siku tatu yakamlaza mwezi mzima. Neno lilitoka kwenye fragilis ya Kilatini, chenye kuvunjika, ndugu wa lile fragile linalobandikwa kwenye maboksi ya vyombo.

Madaktari wa wazee wamelifanya neno la kazi. Mwaka 2001 daktari Linda Fried na wenzake walitaja dalili tano: kukonda bila kukusudia, kuchoka, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Zikifika tatu, mtu ni frail. Kwa hiyo weak ni dalili moja tu kati ya tano, na bibi yule aliweza kuikosa hiyo akabaki na nyingine.

Feeble, neno jingine la udhaifu, mimi nalikwepa kwa watu. Mzizi wake ni flebilis, cha kuliliwa, na mpaka leo lina huruma iliyochanganyika na dharau. Kisingizio kikiwa feeble, hata anayekitoa hakiamini. Isitoshe, sheria ya Uingereza ya 1913 iliwapanga watu katika kundi la feeble-minded, yaani wenye akili dhaifu, na harufu ile haijatoka. Infirm halinisumbui: ni mtu aliyelegezwa na uzee au maradhi ya muda mrefu, na “asiyejiweza” yetu mara nyingi inatosha.

Barua niliirekebisha: “Mwili wake hauhimili misukosuko, ingawa mikono bado ina nguvu.” Nikamsomea mjukuu, akacheka.

“Hapo sawa, Mwalimu. Jana tu kanifinya sikio, mpaka sasa linauma.”