Malezi ya kambo si kumuasili mtoto

Ukisema "malezi ya kambo", wengi wanamfikiria mama wa kambo, yule aliyeolewa na baba. Wengine wanaamini kwamba ukipewa mtoto kwa njia hiyo, basi keshakuwa wako moja kwa moja. Imani zote mbili zimekaa vichwani mwa watu miaka mingi, na zinawatisha walezi wazuri.

Katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Tanzania Bara, mlezi wa kambo ni mtu anayekabidhiwa mtoto asiye wake amtunze, huku afisa ustawi wa jamii akifuatilia. Anamwogesha, anampeleka shule, anakesha naye akishikwa na homa. Lakini ukoo haubadiliki, na mama mzazi akisimama tena, mtoto anaweza kurudi kwake. Kuasili ni jambo jingine kabisa: linaamuliwa na Mahakama Kuu, na mtoto anahesabika kama uliyemzaa mwenyewe.

Na yale tunayoyaita "vituo vya yatima" kisheria ni makao ya watoto, yanayohitaji leseni. Nalipenda zaidi jina hili, maana wengi wanaolala humo wana mzazi au bibi aliye hai.